Taya la Benigna

Kwa miaka kumi na moja, mfiwa yeyote wa Bukoba au Muleba aliyetaka msiba wake utangazwe kwenye redio yetu ndogo alipitia mikononi mwa Benigna Kokuhirwa. Alikaa kwenye dirisha la matangazo, mbele ya daftari kubwa lenye jalada gumu. Mfiwa anafika na karatasi iliyoandikwa harakaharaka. Benigna anaisoma, anauliza jina la kitongoji, saa ya mazishi na majina ya ndugu wa kupewa habari, anaiandika upya kwa mwandiko wake uliosimama wima, halafu ananiletea mimi. Mimi ni Anwari, msomaji. Sauti inayotaja marehemu saa mbili asubuhi na saa saba mchana ni yangu, ila maneno yalikuwa yake. Watu walinisifu mitaani kwa maneno ya mtu mwingine, nami, nikiri tu, sikuwakatalia.

Alikuwa na miaka hamsini kasoro mmoja, mjane, akiishi peke yake Bakoba tangu binti yake aolewe Mwanza. Maneno machache, shingo ngumu. Wafiwa walimpenda kwa sababu hakumharakisha mtu. Mama akishindwa kumalizia jina la mwanawe, Benigna aliweka kalamu chini na kungoja, hata foleni ifike barabarani. Sisi wa ndani tulimwogopa kidogo. Akikununia Jumatatu, ujue salamu utaipata Ijumaa. Na alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Ukimwambia vidonge ni baada ya chakula, anakula kwanza hata kama hana njaa.

Sikio lilianza Februari mwaka jana. Alifika kazini ameziba sikio la kushoto kwa kiganja, akasema kuna mdudu ameingia. Kesho yake hivyo hivyo. Kila siku alikuja na maumivu, na ikifika saa sita mchana yameisha. Nilimwambia mdudu wake huyo lazima ameajiriwa serikalini, maana anafunga ofisi mapema. Hakucheka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kucheka kulimuuma.

Akajitibu anavyojua. Mafuta ya vuguvugu, pamba, matone ya duka la dawa, na majani fulani jirani yake aliyoyaponda na kumkamulia sikioni mpaka shingo ikawa ya kijani. Miezi mitatu ikapita. Nikaanza kumwona anavunja andazi vipande vidogo vidogo na kuviloweka kwenye chai, mwanamke aliyekuwa akitafuna muhindi wa kuchoma huku akiandika. Siku moja mfiwa alimuuliza jambo, naye akajibu kwa kutikisa kichwa. Hapo nilikasirika. Nikawasha pikipiki, nikamwambia, “Dada Benigna, panda. Leo hata ukininunia mwezi mzima, tunaenda hospitali.”

Daktari wa masikio alichungulia kushoto, akachungulia kulia, akasema masikio yote mawili ni mazima, hayana hata uchafu. Akatuelekeza chumba cha meno. Benigna aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya, lakini karatasi ilisema chumba cha meno, na karatasi ni karatasi, akaenda.

Daktari wa meno alikuwa dada mdogo anayeitwa Siti. Hakugusa sikio kabisa. Alimwekea vidole viwili kwenye shavu, mbele kidogo ya sikio, akabonyeza. Benigna akaruka kwenye kiti.

“Fungua mdomo, mama.”

Ulifunguka upana wa vidole viwili tu, na taya likalia.

“Haya meno yamesagika juu, yamekuwa bapa,” Siti akasema. “Unayasaga usingizini. Unayabana usiku kucha, msuli unachoka, na ukiamka maumivu unayasikia sikioni kwa sababu msuli na sikio viko jirani. Sikio lako halina kosa.”

“Mimi sisagi meno.”

“Nani analala nawe akusikie?”



Siti akamwandikia masharti. Chakula laini kwa wiki sita. Kitambaa cha maji moto shavuni asubuhi na jioni. Mchana, midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Atatengenezewa kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku. Asitafune muhindi, muwa, nyama ngumu, wala buni. Hilo la mwisho alilipigia mstari kabisa, maana anafahamu tunavyotafuna kahawa huku kwetu. Halafu akaweka kalamu chini, akamuuliza kwa upole, “Mama, kuna jambo gani linakupa wasiwasi?”

“Hakuna,” Benigna alijibu.

Jambo lenyewe Benigna aliniambia nje, kwenye benchi, tukingoja dawa ya maumivu. Sikumuuliza. Alianza tu kuongea huku akitazama lango.

Alikuwa na kaka mmoja, Ildefons, mkubwa wake kwa miaka miwili, aliyebaki Kamachumu kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yao. Walizaliwa wawili tu. Miaka minne nyuma mzee wao aliugua, Benigna akamleta kwake Bakoba ili awe karibu na hospitali. Mzee alipozidiwa, Ildefons alikuja kumchukua arudi nyumbani, akakate roho kati ya migomba aliyoipanda. Benigna akakataa. Alisema kuna daktari mgeni anakuja Alhamisi, asubiriwe hadi Alhamisi. Mzee alikufa Jumatano, kwenye chumba cha kupanga, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Na siku ya mazishi, ukoo wote umesimama, Ildefons alisema kwa sauti, “Tata, baba yetu, aliomba nyumbani, na huyu akamnyima.” Benigna aliondoka kabla udongo haujasawazishwa. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

“Na sasa anaumwa,” akasema. “Tangu Januari. Figo. Wanampeleka Muleba, wanamrudisha. Nasikia kwa watu. Kila asubuhi nikifungua lile dirisha, Anwari, mtu wa kwanza akisema ametoka Kamachumu, naona giza.”

Kwa hiyo huo ndio uliokuwa wasiwasi ambao haukuwepo. Kila usiku alilala akibana meno asije akasikia jina moja, na kila asubuhi alikwenda kukaa mahali pekee mkoani ambapo jina hilo lingemfikia kwanza. Nilitaka kumpiga makofi na kumkumbatia kwa pamoja. Nilimwambia, “Nenda kamwone. Leo. Hiyo ndiyo dawa.”

“Nitakwenda kwa uso gani?”

“Huo huo uliovimba.”

Jumamosi hiyo alipanda basi mpaka Muleba, kwani Ildefons alikuwa amelazwa tena. Alichukua chupa ya uji wa ulezi. Alifika kwenye geti la hospitali, akauliza wodi, akaonyeshwa. Akasimama hapo karibu saa nzima. Kisha akampa ule uji mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe, akapanda basi la kurudi Bukoba. Alinisimulia Jumatatu bila aibu wala udhuru. “Miguu ilikataa,” akasema, akaendelea kuandika.

Nilidhani imeishia hapo. Kumbe mlinzi wa lile geti alikuwa mtu wa Kamachumu, aliyesoma nao shule ya msingi.

Wiki mbili baadaye, Jumanne, saa mbili kasoro dakika tano, nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa studio na karatasi zangu mkononi. Foleni ya dirishani ilikuwa ya watu watano au sita. Akaingia mwanamume mrefu, koti limempwaya, miguu imevimba ndani ya ndala, anashikwa mkono na mwanamke. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa na paji la uso la Benigna na mdomo wa Benigna. Watu wakampisha, kwa sababu mgonjwa wa namna ile unampisha tu.

Benigna aliinuka, akatoka nyuma ya dirisha, akaja mbele. Asubuhi ile maumivu yalikuwa mabaya. Alikuwa amefika na kitambaa cha moto ndani ya mfuko wa plastiki.

“Nimeambiwa ulifika getini, waitu,” Ildefons akasema, akimwita ‘wetu’ kwa Kihaya.

“Nilifika.”

“Basi na mimi nimefika.”

Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba. Ndani yake kulikuwa na akamwani, zile buni zetu zinazochumwa mbichi, zikachemshwa na majani ya kunukia na kuanikwa. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya anapewa hizo kabla ya maji. Na watu waliokosana wakitaka kumaliza, hakuna hotuba. Mmoja anatafuna kwanza mbele ya mwenzake, kuonyesha kwamba mkononi mwake hamna ubaya. Mwenzake anapokea, anatafuna papo hapo, macho kwa macho. Basi, imekwisha, wala mambo ya zamani hayatajwi tena. Ukipokea ukaiweka mfukoni, umesema huamini na hujasamehe. Hakuna asiyelijua hilo huku kwetu. Mimi nalijua. Benigna alilijua kuliko mimi.

Ildefons akaweka moja mdomoni, akatafuna polepole. Akamnyooshea dada yake kiganja. “Ni za ule mbuni wa tata, wa karibu na kaburi. Chukua, Benigna.”

Akachukua kwa mikono miwili, akainama kidogo kama inavyotakiwa. Akaishika. Kisha akatoa leso, akaifunga ile buni ndani ya leso, taratibu, kama mtu anayehifadhi kitu cha thamani. Wallahi, nilimwona anavyoifunga. Hakuna dharau katika mikono ile.

“Asante, kaka. Nitaitafuna baadaye.”

Wafiwa wa kwenye foleni waligeuka wakaitazama leso.

“Tafuna sasa, waitu,” Ildefons akasema. Hakuamuru. Alikuwa anaomba.

“Baadaye,” Benigna akarudia, meno yameumana.

Mimi nilijua kila kitu. Nilijua masharti, nilijua mstari uliopigwa chini ya neno buni, nilijua kuhusu taya lisilofunguka. Sentensi moja ingetosha: Mzee, dada yako anaumwa taya, daktari amemkataza. Nilifungua mdomo niiseme, na taa nyekundu ya studio ikawaka. Saa mbili kamili. Nikaingia, nikakaa, nikaanza kusoma vifo vya watu nisiowajua kwa sauti yangu nzuri. Nimefikiria dakika ile mara nyingi. Redio ingekaa kimya sekunde kumi na hakuna ambaye angekufa zaidi ya waliokwisha kufa.

Nilipotoka walikuwa wameondoka. Nikamfokea Benigna mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

“Kwa nini hukumwambia?”

“Nimwambie nini? Kwamba nimesaga meno miezi minne kwa ajili yake? Mbele ya foleni yote hii?” Machozi yalikuwa yanamtoka. “Nitakwenda Jumapili baada ya misa. Nitamweleza nyumbani kwake, vizuri. Niache, Anwari.”

Mchana alimpigia simu daktari Siti kuuliza kama buni moja, moja tu, inaruhusiwa. Siti akacheka kwa upande wa pili. “Moja, mama? Ungeifyonza tu, au ungetafuna kwa meno ya mbele. Mimi nilikataza zile za kutafuna siku nzima.” Benigna alikata simu, akakaa ameishikilia mkononi mpaka mfiwa akagonga dirisha.

Ijumaa asubuhi alikuja Joackim, baba mdogo wa Benigna na Ildefons. Nilimwona kutoka ndani. Alivua kofia kabla hajafika dirishani na hakutamka salamu. Akapitisha karatasi.

Benigna hakupiga kelele. Aliuliza maswali yake kama anavyouliza siku zote. Saa ngapi? Saa kumi na moja alfajiri. Mazishi lini? Kesho, saa nane, nyumbani kwake Kamachumu. Amefia wapi? Nyumbani, Joackim akasema, aligoma kabisa kurudishwa Muleba. Kisha Benigna akafika kwenye majina. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akarudia tangu juu. Kalamu ikasimama.

“Aliyataja mwenyewe,” Joackim akasema akitazama kofia yake. “Juzi. Mimi niliandika tu.”

Nililetewa ile karatasi ikiwa imeandikwa upya, mwandiko umesimama wima, hakuna hata herufi iliyopinda. Habari ziwafikie mke wake Ephrasia, watoto wake wanne kwa majina, Joackim, wajomba wa Kashasha, mashemeji wa Rubya. Ziwafikie pia Gozbert wa Bakoba, binamu wa mbali aliyekaa mitaa mitatu tu kutoka kwa Benigna. Dada hakuwemo.

“Naongeza jina lako,” nikamwambia.

“Soma kama lilivyo.”

“Dada Benigna, hata mimi nina haki ya...”

“Huna. Karatasi ya mfiwa haiongezwi neno. Soma.”

Nikasoma. Mkoa mzima ulisikia tangazo la kawaida la kifo. Benigna alilisikiliza kutoka kwenye kile kispika kidogo cha chumba cha mbele, amesimama, mikono juu ya daftari.

Jumamosi nilimsindikiza Kamachumu. Nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi, wanawake wamekaa chini, na tulipoingia sauti zilipungua. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemsogezea nafasi pia. Alikaa karibu na mlango mpaka tulipozika. Baada ya mazishi Ephrasia, mjane, ndiye aliyemfuata nje, karibu na jiko, nami nikiwa palepale nimeshika koti la Benigna.

“Nataka ujue hakukasirika, wifi,” Ephrasia akasema. “Ingekuwa hasira, ningejua la kufanya. Tulipofika Muhutwe kwenye njia panda, alisema, ‘Nimemlazimisha Benigna. Alikuja getini kunitazama kwa mbali, hicho ndicho alichoweza, nami nikamfuata kumtaka zaidi. Msimsumbue tena, hata nikifa.’ Ndiyo maana jina lako hakulitaja. Alidhani anakupumzisha.”

Benigna alijaribu kusema. Taya lilikuwa limekaza, maneno yakatoka nusunusu. “Taya, wifi. Taya langu. Daktari alinikataza kutafuna. Lilikuwa linauma, nisingeweza, nilikuwa nakuja kesho kumwambia. Kesho Jumapili.”

Ephrasia alimgeukia. Nilidhani atamkumbatia. Badala yake uso wake ukakunjamana kwa uchungu uliokaribia chuki.

“Taya?” akasema. “Wifi, taya? Si ungesema tu? Tungecheka. Yeye naye alikuwa hawezi kutafuna, meno yalikuwa yamelegea yote, ile moja aliilazimisha ili umwone. Mngecheka wote wawili pale mbele za watu, akarudi nyumbani anacheka.” Kisha akakaa chini kwenye majani makavu, akalia kwa sauti. Benigna akakaa karibu naye, na walilia hivyo, kila mmoja peke yake, mpaka wanawake wengine wakaja.

Jumatatu alifika kazini mapema kuliko mimi. Nilimkuta ameshafungua dirisha. Nikatafuta la kusema, na kama mpumbavu nikauliza lile nililozoea kuuliza kila asubuhi.

“Sikio linaendeleaje?”

“Haliumi.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Nimelala usiku mzima kinywa kimelegea kama cha mtoto.” Akalifungua daftari, akalilaza sawasawa. “Nilipoamka nikangoja lianze, Anwari. Nikakaa kitandani nangoja. Halikuanza. Ndipo nilipojua kwamba Ildefons amekufa kweli.”

Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee kutoka Kamachumu. Benigna akampokea karatasi yake, akauliza jina la kitongoji.